Kisogo cha Mwezi

Jumatatu, 13 Mei

Nimechemka kwa hasira. Sili wala sizungumzi na mtu. Swali la mwisho la mtihani wa Mwalimu Karastoev: je, mwezi hujizungusha wenyewe? Nikaandika ndiyo — hujizungusha mara moja kila unapomaliza kuizunguka dunia, ndiyo maana tunauona upande uleule tu. Kanikosesha! Mkwaruzo wa wino mwekundu mpaka karatasi imetoboka. Kwa swali hilo moja, nafasi ya kambi ya nyota kule mlimani imekwenda kwa binamu yangu Kalina. Nafasi ni moja kwa shule nzima. Kalina, ambaye darubini anaiita "lile bomba"!

Mwaka mzima nimeisubiri kambi hiyo. Mwaka mzima!

Jumanne, 14 Mei

Nimemfuata Mwalimu ofisini. "Binti, ungekuwa unajizungusha, si tungeuona mgongo wake? Wewe umewahi kuuona?" Nikamwambia ni kinyume chake — ungekuwa haujizungushi ndiyo tungeuona. Akacheka! Nikachukua kikombe chake cha kahawa, nikakipitisha kuizunguka chupa ya maji, mkono wa kikombe ukielekea chupa muda wote. Kahawa ikamwagikia suruali yake. Maelezo yakaishia hapo.

Yeye ni mwalimu wa jiografia. Mambo ya nyota kaachiwa tu baada ya mwalimu wa fizikia kustaafu. Baba anasema niache ubishi, mwalimu ni mwalimu. Ndiyo nini sasa?

Alhamisi, 16 Mei

Kalina kaniomba nisimnunie. Nikamwuliza, wewe unaamini ulichoandika? Kasema hajui. Kaandika hapana kwa sababu Mwalimu akiuliza kwa sura ile, jibu huwa ni hapana. Jamani! Angalau hanifichi. Halafu akauliza kama kambini kuna baridi, nimwazime koti langu. Koti langu! Nimempa. Najichukia kwa kumpa.

Jumapili, 19 Mei

Jana ilikuwa harusi ya jirani, uwanja wa kanisa. Baba katikati na ngoma yake kubwa, watu wameshikana mikono wanamzunguka kwa horo, dansi yetu ya duara, nyuso zote kwake kama kawaida. Mwalimu naye ndani, masharubu yameloa jasho, kafurahi kupita kiasi. Wazo likanijia palepale. Nikapenya chini ya mikono ya watu, nikasimama kando ya baba.

"We mtoto, toka hapa, utakula rungu hili la ngoma!" baba akafoka. Sikujali.

"Mwalimu! Unatazama nini?"

"Baba yako! Na kanisa nyuma yake!"

Nikangoja duara limfikishe upande wa pili. "Na sasa?"

"Baba yako, na baa nyuma yake!"

"Kanisa liko wapi?"

"Mgongoni kwangu!"

"Umegeuka, hujageuka?"

"Sijage—" Akakosea hatua. Mwanamke aliyemshika mkono akamkanyaga, akamwita ng'ombe. Baba hakuwa ameona kisogo cha mtu hata mmoja, na bado kila mchezaji alikuwa akigeuka kidogo kidogo mpaka kamaliza pande zote. Visogo waliviona wale waliokaa mezani, nje ya duara.

Mwalimu akaniita pembeni, penye meza ya pombe kali ya rakia. "Uko sahihi," akasema polepole. "Miaka yote hii nimefundisha makosa." Nilitaka kumkumbatia! Kisha akaendelea: jina la Kalina limeshapelekwa, mkurugenzi katia sahihi, sherehe ya shule ya tarehe 24 imeshapangwa. "Libaki kati yetu, mwanangu. Wewe una akili, utapata mengine."

Mengine yapi?! Nimelia chooni kwa hasira. Kalina hakuona lolote, alikuwa jikoni akipakua.

Jumatatu, 20 Mei

Leo kafundisha mito. Mito! Kanipa sita, alama ya juu kabisa, kwa kuutaja Maritsa tu. Ananinunua, tena kwa bei ya chini. Katikati ya kipindi mkurugenzi kaingia akitabasamu: Ijumaa, mbele ya wazazi wote, Kalina atasimama aeleze lile jibu lake kuhusu mwezi. Nikamtazama Mwalimu. Alikuwa akifuta ubao ambao tayari ulikuwa safi.

Alhamisi, 23 Mei

Mlango wa shule umepambwa maua ya peoni kuanzia juu hadi chini. Kesho ndiyo sherehe. Kalina yuko jikoni kwetu, anakula banitsa, pai ya jibini ya bibi, kaja niandae naye maelezo yake. "Nieleze wewe, Vihra. Wewe hujawahi kunidanganya."

Laiti asingesema hivyo! Nikimwambia kweli, kesho ataisema. Kalina hana siri, akielewa kitu lazima akitoe. Kambi itamponyoka mbele ya mama yake, ambaye amemshonea gauni jipya. Mwalimu naye ataumbuka — haki yake! Na nafasi labda itarudi kwangu. Hilo ndilo linaloniudhi, sijui tena nautetea mwezi au naitaka kambi. Nikimdanganya, atakwenda kuchekwa mlimani na watu wanaojua, hali amevaa koti langu. Na mwenye kosa atakaa nyumbani akila nyama choma! Kwa nini mzigo huu niubebe mimi?

Nimemwambia asubiri, natafuta kalamu. Kalamu ninayo mkononi. Namsikia anasogeza kiti, anajaribu sauti: "Wazazi wapendwa, mwezi..." Anakwama. Anaanza tena. Anakwama palepale.

Sasa ananiita. "Vihra! Mwezi unafanyaje?"