Mahali Pako kwenye Kamba, Baba Adelina

Marselino Anselmo, fundi vinyago wa Mtoni, Temeke
Ulitutoka tarehe 12 Julai 1976

Baba Adelina, leo mwaka umetimia tangu utuache, na bado kila asubuhi najikuta nimeandaa vikombe viwili vya chai. Nakasirika, halafu navinywa vyote.

Ni mie mkeo, Yustina, ninayeandika kwa niaba ya familia. Adelina alitaka kuandika yeye kwa sababu amesoma. Nikamwambia asubiri, mume ni wangu.

Tunakushukuru kwa mikono yako. Mguu wa kushoto ulipooza tangu utotoni kule Newala, lakini mikono ile ilichonga mpingo kutwa nzima, ikatulisha, ikasomesha watoto wawili. Hata mkongojo wako uliuchonga mwenyewe. Kila Jumapili kabla ya kanisa uliupaka mafuta ya nazi, yale yale niliyonunua kwa ajili ya nywele zangu. Nimekusamehe.

Zaidi tunakushukuru kwa ile Saba Saba ya mwaka 1971. Siku hiyo kila mwaka nyumba kumi zetu hushindana kuvuta kamba na nyumba kumi za jirani. Mjumbe wetu, Bwana Ansbert, aliandika majina ya wavutaji, la kwako akaliruka. Si kwa ubaya. Mwaka wa nyuma yake alikupa kazi ya kushika mashati ya wenzio, akidhani amekuheshimu. Uliyashika, ukarudi nyumbani, hukula, nami nilijua kwa nini. Safari hii ulimwendea ukamwambia, "Mjumbe, mashati nimeshika ya kutosha. Mwaka huu nipe kamba."

Ukakaa chini kwenye mkia wa kamba, ukajifunga kiunoni. Mwamuzi akasema sheria hairuhusu, anayekaa ameshashindwa. Mie nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ndipo Bwana Ansbert, na suruali yake nyeupe ya ofisini, akaja akakaa mavumbini mbele yako. Wenzake nao wakakaa mmoja mmoja. Wale wa upande wa pili walicheka mpaka wakachoka, halafu wakakaa na wao.

Mlishindwa vibaya, mkaburutwa uwanja mzima. Ulirudi na kaptula imechanika nyuma, unacheka peke yako njiani. Niliishona huku nalia, wewe ukadhani naililia kaptula.

Tangu hapo kwetu kamba ikawa inavutwa kwa kukaa. Wazee nao wakasema, kama ni kukaa tu, hata sie tunaweza. Mama yangu, Bibi Jovina, akajiandikisha, na miaka yake sabini kasoro. Shida ikawa moja: wewe ni mkwewe, kwa heshima hawezi kukaa karibu nawe. Basi akawekwa mbele kabisa, wewe mkiani, na watu wanane katikati. Miaka minne mlivuta kamba moja bila kutazamana usoni. Kila mkimaliza, mshinde msishinde, alinituma nikwambie, "Mama anasema asante." Nami nilikuletea.

Mwaka jana Saba Saba ilikukuta kitandani, mapafu yamekubana. Siku tano baadaye ukaenda.

Alhamisi iliyopita, Saba Saba tena, hakuna aliyetaka kukaa mkiani. Bwana Ansbert alimwita huyu, akamwita yule, wote wakarudi nyuma. Mama akainuka kule mbele, akatembea pole pole mpaka mwisho wa kamba, akakaa mahali pako, mahali ambapo hakuwahi hata kupakaribia. Nilimfuata nimzuie. Akawa anajifunga kamba kiunoni, hanitazami.

"Niache, Yustina," alisema. "Leo asante nampelekea mwenyewe."

Tulishindwa, Baba Adelina, kama ile siku ya kwanza. Gauni la Mama limechanika nyuma. Nimelishona jana.

Unakumbukwa na mimi mkeo Yustina, wanao Adelina na Benedikto, dada yako Sesilia wa Newala, mkweo Bibi Jovina, na Mjumbe Ansbert pamoja na nyumba kumi zote. Tukiwa hai, hatutakusahau.