Kimutai na Jiwe la Asubuhi na Jioni

Priscillah, we! Kaka Kimutai ametuaibisha huku Sigowet!

Wiki nzima alikuwa akiinua jiwe la kusagia asubuhi na jioni, ati mara moja kwa siku ni ya watoto. Alitaka babake Chelimo, yule msichana anataka kumwoa, aone mikono ya mwanaume.

Leo kwa kina Chelimo, mzee akampa kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando. Mikono ikakataa! Ikatetemeka, maziwa yakamwagikia koti la mzee. Lile la Krismasi, Priscillah!

"Ni malaria?" mzee akauliza.

"Hapana, baba. Ni jiwe. Nainua mara mbili kwa siku."

"Jiwe limekukosea nini?"

Kimutai akajua mke amepotea. Ndipo Chelimo akashika kibuyu, akamnywesha yaliyobaki kama mtoto.

"Nitaolewa naye," akasema, "lakini jiwe libaki kwao."