Kopo la Mjomba Mahlon

Wisconsin, 17 Januari 1994

Mpendwa Mjomba Mahlon,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Sisi wazima, baridi tu ndiyo inatutafuna. Wewe hujambo? Mgongo umepoa? Na yule farasi wako mkaidi bado anauma watu?

Mjomba, nimeharibu. Ibada ya tarehe 13 Februari itakuwa nyumbani kwetu, ya kwanza tangu Yost anioe, na unajua nyumba husuguliwa mpaka misumari ya ukutani. Nikazitoa sufuria za keki za marehemu Edna, mke wake wa kwanza. Zilikuwa nyeusi tititi. Nikazisugua siku mbili kwa mchanga, jivu na sabuni ya magadi, zikang'aa kama mwezi. Mama mkwe Fannie alipoziona alishika mdomo. "Miaka kumi na moja ya Edna hiyo," akasema, "umeimwaga kwenye ndoo."

Tangu siku hiyo keki hazitoki. Nusu inakuja, nusu inabaki. Nimepaka siagi, nimenyunyiza unga, wapi! Nikiwa peke yangu jikoni naona kama zile sufuria zinanikataa. Saloma, binti wa Edna, ana miaka mitano na ananiita "wewe". Bibi yake amekwisha kumwambia Yost kwamba huenda mtoto akae kwake "mpaka mgeni azoee". Mgeni ni mimi. Nikiaibika mbele ya kanisa zima, atamchukua. Naogopa, Mjomba. Nisaidie.

Mpwa wako,
Lovina


Holmes, Ohio, 22 Januari 1994

Mpwa wangu Lovina,

Salamu nyingi kama theluji iliyoko mlangoni pangu. Mimi mzima kama mwaloni. Mgongo umepoa, na farasi hajambo: juzi kauma kofia ya askofu, na askofu akiwa ndani yake.

Mwanangu, umebisha hodi mlango wenyewe. Mimi shule niliishia darasa la nane, na hilo la nane nililala, lakini kwa keki Ohio nzima inanijua. Mwaka ule wa mafuriko nilioka keki juu ya koleo la makaa. Nilipoigeuza iliteleza ikavuka meza, ikatoka mlangoni, ikashuka kilima, mbwa nyuma yake, mpaka kwa jirani Noah. Noah mwenyewe ni shahidi, ila amekufa.

Sasa sikiliza. Ule weusi haukuwa uchafu. Ni mafuta yaliyookwa juu ya mafuta, keki baada ya keki, mpaka yakawa ngozi ya sufuria. Wewe umeichuna. Na ngozi haioti kwa wiki tatu. Kwa hiyo nakutumia kopo langu, lile ninalouza sokoni. Paka kwa kidole, kila kona, usiache hata tundu la sindano. Keki itatoka yenyewe ikikuamkia.

Usiniulize mna nini humo. Mke wa askofu aliniuliza akiwa amenishika mkono, sikusema. Nimetia karafuu nyingi makusudi, hata pua ya mwizi isijue. Siri hii nitazikwa nayo. Keki yako ikigandia, mimi Mahlon nitanyoa ndevu, nitembee kidevu wazi kama mtoto.

Mjomba wako asiyeshindwa na keki,
Mahlon


Wisconsin, 5 Februari 1994

Mpendwa Mjomba,

Salamu kwa jina la Bwana. Hatujambo, na twatumaini kwako pia ni kwema. Nimecheka ile keki ya mbwa hadi Yost akaja kuchungulia.

Kopo limefika salama. Nimelifungua kunusa tu, karafuu tupu! Nalitunza mpaka Jumamosi ya kuoka. Mabenchi ya ibada yataletwa na gari lake la farasi siku moja kabla. Nitaoka keki tano kubwa, na moja ndogo. Hiyo ndogo nimemwahidi Saloma, kwenye kisufuria ambacho mama yake alikuwa akimwokea. Nilipomwambia alinitazama usoni kwa mara ya kwanza.

Huku baada ya ibada hatutaweka siagi ya karanga kwenye mkate kama kwenu. Jibini na jemu tu. Nyumba hii haiingii karanga hata punje. Saloma akiwa na miaka mitatu alilamba kijiko cha jirani, koo likavimba akawa wa buluu. Fannie ndiye aliyembeba mbio kwenye theluji. Daktari alisema ikimpata tena huenda asipone. Basi jirani zetu wote wameambiwa.

Niombee, Mjomba. Usiku nazisikia zile sufuria zikilia kwenye rafu, najua ni baridi tu inakaza bati, lakini nazisikia.

Mpwa wako,
Lovina


Holmes, Ohio, 9 Februari 1994, Jumatano

Lovina,

Usipake. Usiliguse kopo. Humo mna karanga.

Karanga za kukaanga, nimezisaga laini kama poda, nikachanganya na mafuta ya nguruwe na mafuta ya karanga zenyewe. Ndiyo siri. Ndiyo yote. Lizike mbali na kisima, nawa mikono mpaka kwenye viwiko, na kama umekwisha kupaka sufuria hata moja, itupe.

Nisamehe, sikukusalimu. Barua yako nimeikuta kwenye sanduku la barabarani, na hii naiandika hapohapo juu ya kiti cha gari, farasi anangoja. Barua huchukua siku tatu, nyingine nne. Nimehesabu kwa vidole mara kumi. Ya tatu inaangukia Jumamosi. Ya nne ni Jumapili, na Jumapili posta haitembei. Na wewe Jumamosi unawasha jiko asubuhi na mapema, nakujua.

Maisha yangu yote sijawahi kuomba keki igande. Leo naomba. Naomba zigande zote, igande hasa ile ndogo.

Mjomba wako,
Mahlon


Holmes, Ohio, 11 Februari 1994, Ijumaa

Mpwa wangu,

Sijui kama hii utaisoma kabla au baada.

Nimeenda kibanda cha simu. Mimi niliyejisifu kwamba sijawahi kushika simu, nimeishika kwa mikono miwili. Kwenu kanisa halijaruhusu simu hata ya kibandani, basi nikapiga duka la chakula cha mifugo la huko. Nikasema, namtafuta Lovina, mke wa Yost Miller. Binti wa dukani akacheka. "Babu, hapa tuna Yost Miller sita! Huyo wako watu wanamwitaje?"

Sikujua. Hapa kwetu namjua kila Yost kwa jina lake la utani, la mumeo sikuliuliza. Siku ya harusi yako nilikaa naye meza moja saa nne nzima nikimsimulia hadithi zangu, sikumwuliza hata swali moja. Binti akasema ataandika karatasi abandike ukutani. Nikamwambia, mwanangu, andika karanga, andika mtoto. Akaacha kucheka.

Dereva ninayemkodi, yule mtu wa nje ya kanisa mwenye gari, amekataa. Barabara zote za Indiana, njia ya kuja kwenu, zimefungwa kwa theluji.

Lovina, ile keki haikuvuka meza. Ilianguka sakafuni, mbwa akaila. Na kopo si langu, nilifundishwa na mwanamke mmoja mnadani, nikaongeza karafuu nikaliita siri.

Mjomba wako,
Mahlon


Holmes, Ohio, 17 Februari 1994

Lovina,

Jana sanduku tupu. Leo tupu. Mkasi wa ndevu uko mezani. Andika hata neno moja, hata la kunilaani.

Mjomba


Wisconsin, 18 Februari 1994

Mpendwa Mjomba,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Saloma ni mzima. Naanza na hilo, upumue, kisha usome lililobaki ukiwa umekaa.

Ijumaa Fannie alikuja kunisaidia. Nilipotoka kuchota maji aliliona kopo, akalinusa, akaweka kidogo ulimini. Mwanamke aliyewahi kubeba mtoto wa buluu hadanganywi na karafuu. Hakunipigia kelele. Alilimwaga, akalichemsha, akalijaza mafuta ya nguruwe matupu, akatia karafuu, akalirudisha pale pale. Alitaka kuona nitafanya nini.

Jumamosi alisimama jikoni akaniangalia. Mimi nikapaka tano kubwa. Kisha nikachukua kile kisufuria cha Saloma, nikakipaka kwa kidole kila kona kama ulivyoniambia. Nikamtazama Fannie nikatabasamu. Mjomba, sitasahau uso wake.

Keki ziligandia zote sita. Ndevu zako usinyoe. Jumapili tuligawa vipande kwenye mabakuli na maziwa, wanawake wakala na kusema ni tamu. Fannie alimpakata Saloma mwanzo hadi mwisho, hakumwachia hata kipande. Nilidhani ni aibu ya keki. Watu walipoondoka akamwambia Yost mbele yangu, "Nampeleka mtoto kwangu. Mkeo alitaka kumwua."

Nikasema mna nini kwenye kopo? Akasema, "Unaniuliza mimi?" Yost alinitazama kama mtu anayetazama barafu kabla ya kuikanyaga. Hilo ndilo lililonivunja. Wakamfunga mtoto shali, wakaenda.

Usiku ule Yost alilala kwenye kiti.

Jumatatu mchana barua yako ikafika. Niliisoma nikatoka nayo mbio kupitia shambani mpaka kwa mama mkwe, bila koti, theluji magotini. Fannie alinifungulia, akaisoma mlangoni. Akaisoma tena. Akaniuliza, "Huyu mjomba wako ni mjinga kweli, au ameandika uongo kukuokoa?" Nikasema, Mama, ni mwongo, lakini hajawahi kusema uongo wa kujishusha. Hakunirudishia mtoto.

Jumatano ikaja ile ya pili. Yost ndiye aliyempelekea. Alipofika kwenye keki iliyoanguka ikaliwa na mbwa, anasema mama yake alicheka mpaka akalia, akakaa chini. Siku hiyo hiyo, pale dukani, Yost alikuta karatasi ukutani: MTOTO. KARANGA. LOVINA WA YOST, YEYOTE.

Jana asubuhi Fannie alikuja na Saloma mkono mmoja, na mkono wa pili sufuria yake mwenyewe nyeusi. Hakuomba msamaha. Alivua shali, akavaa aproni yangu, akasema, "Washa moto." Saloma alisimama mlangoni muda mrefu. Kisha akaniambia, "Wewe. Keki yangu iko wapi?"

Mjomba, niambie nifanyeje sufuria za Edna zirudi kuwa nyeusi. Lakini andika vyote. Vyote.

Mpwa wako,
Lovina


Holmes, Ohio, 24 Februari 1994

Mpwa wangu Lovina,

Salamu kwako, kwa Saloma, kwa Mama Fannie. Kwa Yost pia, na mwulize kwa niaba yangu watu wanamwitaje.

Chukua mafuta ya nguruwe. Ipake sufuria utando mwembamba, kisha ifute kama vile ulikosea kuipaka. Iweke kwenye oveni ikiwa kifudifudi kwa saa moja, moto wa kuni ngumu. Iache ipoe humohumo. Rudia kesho, na kesho yake. Baada ya hapo oka tu, wala usisugue tena, hata wakija malaika. Itachukua mwaka, pengine miwili.

Humo mna mafuta ya nguruwe. Na moto. Hamna kingine. Nimeandika vyote, kisha nimesoma tena kutazama kama nimesahau kitu.

Pale sokoni kila kopo sasa lina karatasi: KARANGA. Wateja wamepungua. Mkasi nimeurudisha kwenye droo.

Safari hii sina hadithi.

Mjomba wako,
Mahlon