Ndevu Nilizozinyonyoa: Maelezo ya Kungwi wa Mikindani

JESHI LA POLISI TANZANIA
KITUO CHA POLISI MIKINDANI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mwanakombo Issa Nachundu
Umri: Miaka 61
Kabila: Mmakonde
Dini: Mwislamu
Kazi: Kungwi, pia mkulima wa mihogo na korosho
Makazi: Mikindani
Tarehe: 6/6/2024. Muda wa kuanza: Saa 3:40 asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu. Afande Yustina amenionya kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimemjibu aandike tu, maana nimekaa kimya miezi saba na hicho kimya kimeshanitosha.

Nimekuwa kungwi tangu mwaka 1994. Msichana akikaribia kuolewa, naletewa mimi. Namfundisha, namsugua mwili kwa singo ya manukato, namnyonyoa malaika, zile nywele laini za mwilini, kwa majivu. Kungwi anaapishwa: alichokiona mwilini mwa mwali hakitoki nje, hata mama mzazi haambiwi. Nimeona makovu, mabaka, hata mimba, na sijawahi kusema kwa mtu.

Mnamo mwezi wa kumi na moja mwaka 2023 nilimwandaa Mwanahamisi, binti wa kijiji cha Mahurunga. Nilimkuta na nywele nene chini ya kidevu, kama za beberu. Nilishtuka, lakini nikajisemea ni damu ya ukoo wao. Nikanyonyoa, nikamaliza. Mwezi wa pili mwaka huu akaja kwangu Sabra, mke wa mtu, akaomba nimtoe nywele kabla mumewe hajarudi kutoka Songea. Yeye alikuwa nazo mpaka kifuani. Nikadhani ni mambo ya uzazi. Hakuna aliyenitajia dawa, na mimi sikuuliza. Kungwi haulizi.

Mnamo tarehe 21/5/2024, Jumanne, saa nne asubuhi, niliingia ndani na Riziki Hamisi, miaka 22, fundi cherehani wa hapa Mikindani. Alikuwa anaolewa Ijumaa na Idrisa Mustafa wa Mpapura. Nywele zake za mbele zilikuwa zimekatika kwa kusukwa kwa kubanwa, paji limekuwa jeupe. Nilipomvua kanga nilisikia kinyaa, na nasema hivyo hapa ingawa naona haya. Kidevu, kifua, tumbo mpaka mapajani, kote nywele nyeusi ngumu. Riziki alikuwa anatazama ukutani. Akaniambia kwa sauti nzito, "Bibi, toa tu, usiseme kitu." Nikakaa naye siku mbili na bakuli la majivu, vidole vikaota malengelenge. Yeye hakulia hata mara moja.

Kwa sababu ya ile sauti, nilimwambia akiulizwa na sheikh anyamaze, kimya cha mwali ni idhini. Lakini sheikh wetu huyu hakubali kimya. Anasema mabinti wanaozwa kwa nguvu, kwa hiyo lazima asikie kwa masikio yake.

Tarehe 24/5/2024, Ijumaa, saa nane mchana, sheikh alikuja na mashahidi wawili mpaka kwenye pazia la chumba. Akamuuliza Riziki kama anakubali kuolewa na Idrisa. Riziki akajibu, "Nimekubali." Kisha sheikh akasema, bila ubaya wowote, "Namtaka bibi harusi mwenyewe, si kaka yake." Mtu akacheka. Riziki akarudia, na safari hii kila mtu sebuleni alisikia kuwa ni yeye.

Mama yake Idrisa aliingia ndani akamfunua ushungi, akamshika kidevu akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa chekundu kwa kunyonyolewa, na poda haikuficha kitu. Akanivuta jikoni mbele ya wanawake wanaopika.

Akasema, "Kungwi, nakuuliza mbele ya Mungu. Huyu umemtoa ndevu?"

Sikujibu. Nilikuwa na kiapo changu, nikakishika kama mjinga anavyoshika mkia wa nyoka. Ningeweza kusema ni mwanamke mzima, nimemwona, anaumwa apelekwe hospitali. Sikusema hata hilo. Kimya cha mwali kwetu ni kukubali, na changu nacho walikipokea hivyo hivyo. Kabla ya saa tisa watu wa kwa Idrisa walikuwa wamepanda pikipiki zao wakaondoka bila ndoa kufungwa, pilau bado iko motoni. Jioni watoto wa mtaani walikuwa wanapita dirishani kwao wakiita, "Shikamoo babu."

Tarehe 27/5/2024, Jumatatu, nilimpeleka Riziki hospitali mimi mwenyewe. Daktari alimuuliza anatumia nini. Riziki akatoa kwenye mkoba kopo la siagi ya karanga lenye mafuta ya rangi ya kahawia, na karatasi yenye vidonge. Alikuwa amepaka na kumeza tangu mwezi wa kumi na moja ili nywele za kichwani zirudi kabla ya harusi. Alipewa na Kassimu, mwenye kibanda karibu na stendi, anayejiita daktari wa nywele. Zamani Kassimu alikuwa anauza dawa za mifugo. Damu ilipimwa. Daktari akasema homoni za kiume zimezidi mno, hedhi imesimama kwa ajili hiyo, na dawa ya namna hiyo humfanya mwanamke anyonyoke zaidi kichwani. Akiacha, za mwilini zitapungua taratibu. Sauti, alisema, huenda isirudi. Riziki aliuliza kama atazaa. Daktari akasema wasubiri miezi kadhaa waone.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa Sabra, kisha Mahurunga kwa Mwanahamisi. Wote wawili walitoa kopo lile lile. Sabra alikuwa amepewa na Kassimu dawa ya pili, ya kuondoa ndevu, nayo imemuunguza kidevu mpaka kinatoa maji. Yaani mtu huyu anamwotesha mwanamke ndevu, halafu anamuuzia na moto wa kuzichoma.

Tarehe 29/5/2024, Jumatano, saa tano asubuhi, nilifika kibandani. Kassimu alikuwa anamhudumia dada mmoja. Alichovya kidole kwenye kopo, akampaka kichwani, akakinusa, akajifuta kwenye shati, akachovya tena. Pembeni kulikuwa na mfuko wa nywele zilizonyonyoka, za wateja, wenye nzi. Nikamwambia yule dada aondoke. Nikamuuliza Kassimu kuhusu Riziki.

Akanijibu akitabasamu, "Mama, ndevu ni dalili kwamba dawa imeshika. Za kichwani ziko njiani."

Nikamwambia nitamshitaki. Hakukasirika. Akasema, "Utasema nini? Kila aliyeota ndevu alikuja kwako ukamtoa, hakuna aliyejua mwenzake ana nini. Kama si wewe, mama yangu, kibanda hiki kingefungwa siku nyingi." Kisha akanipa kopo moja, zawadi. Kopo hilo nimelikabidhi hapa kituoni kama kielelezo.

Nilitapika mlangoni kwake na sioni aibu kulisema. Nilikuwa namchukia yeye, lakini kilichonitapisha ni kwamba alichosema ni kweli.

Jumapili tarehe 2/6/2024 nilikwenda Mpapura, Riziki akiwa ameniruhusu kusema. Niliwaeleza watu wa kwa Idrisa yote, tangu kopo mpaka daktari. Mama yake alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Leo ndiyo umepata mdomo?" Akaniambia posa yao ya kwingine imekwishapokelewa. Idrisa alikuwa uani anaziba pancha ya baiskeli. Hakuinua kichwa. Niliporudi, Riziki aliniuliza kwa ishara tu, kwa sababu siku hizi haongei, nami nikatikisa kichwa.

Majina ya wanawake watatu niliyoyataja nimeyataja kwa ridhaa yao. Makungwi wenzangu wameshaniletea ujumbe kwamba nimevunja kiapo, nisiguse tena mwali. Wamefanya sawa. Sina hamu ya kumgusa.

Nimeulizwa kama nina la kuongeza. Ninalo. Kassimu alipaka, mimi nikafuta alama. Naomba iandikwe hivyo.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu na kuyafanya kwa mikono yangu, nami nayathibitisha.

Dole gumba la kulia la shahidi: Mwanakombo Issa Nachundu

UTHIBITISHO WA MWANDISHI: Mimi WP Koplo Yustina nathibitisha kuwa nimeandika maelezo haya kama yalivyotolewa na kumsomea shahidi, asiyejua kusoma, naye akasema ni sahihi. Shahidi alikataa mara mbili kuweka dole gumba, akitaka aandikwe mtuhumiwa wa pili. Nimemweleza kuwa sheria inamtambua kama shahidi. Ameniuliza ni nani basi atakayemtambua Riziki. Nimeliandika swali hilo. Ameweka dole saa 6:15 mchana.