Bia Mbili za Cyril

Burton-on-Trent
Jumapili mchana

Dada yangu mpendwa Nora,

Pokea salamu zangu kutoka jikoni, ndiko ninakokaa kuandika kwa sababu ndiko kwenye joto. Msalimie na shemeji Ivor, mwambie ile suruali aliyonitumia imenikaa vizuri, ila kiunoni napumua kwa zamu. Goti lako linaendeleaje? Umeniandikia kwamba daktari wa huko Penzance anataka utembee kila siku. Usimsikilize sana, maana si yeye anayepanda kile kilima chenu na kapu la viazi mkononi. Mimi ni mzima. Mvua haijakatika tangu Krismasi na mto umeingia tena kwenye viwanja vya mpira.

Kila barua unamuulizia kaka yetu Cyril, na kila barua nakujibu kwamba anasogea sogea. Leo nitakueleza kwa urefu, na nitaanzia kwenye bia. Usinicheke, dada, utaona mwenyewe kwa nini.

Mwanzoni mwa mwezi huu wa Februari yule muuguzi wake, Bi Pegg, alipomaliza kumpa sindano aliniita nje mlangoni. Akaniambia nimpe Cyril chochote ambacho roho yake inataka, nisimnyime kitu. Nikamuuliza, hata bia? Akasema hata bia. Alilisema kwa upole mno mpaka nikamchukia. Nikarudi sebuleni, ambako siku hizi ndiko kiliko kitanda chake maana ngazi zimemshinda, nikamuuliza anatamani nini. Mtu huyo huyo ambaye vijiko viwili vya supu ni kazi akajibu hapo hapo kwamba anataka “pale ale”, ile bia chungu iliyoupa mji wetu sifa, na si ya baa. Anataka ipikwe humu ndani, asikie harufu ya kimea akiwa kitandani, na mpishi niwe mimi. Nikamwambia mimi hata yai nikilichemsha linapasuka. Akasema analijua hilo, amekula mayai yangu tangu nihamie kwake kumuuguza na bado yu hai, kwa hiyo nijaribu tu.

Basi nikaenda dukani kwa Bi Orgill, pale karibu na daraja, anapouza vitu vya kupikia bia nyumbani. Najua hujawahi kupika, kwa hiyo nikuambie tu kwamba njia ni mbili. Kuna bia ya kopo: shira ya kimea imeshatengenezwa, unaongeza maji, sukari na hamira, na baada ya wiki tatu hivi unakunywa. Halafu kuna bia yenyewe, ya shayiri, ile aliyoipika Cyril maisha yake yote kiwandani. Unaloweka nafaka, unachuja, unachemsha na maua ya hopsi mpaka nyumba nzima inanuka uchungu, unaacha ichachuke, unaitia chupani, kisha unaisahau. Mapishi yake Cyril ukiyapika Februari, unayafungua Juni.

Nilikuwa nimeshika kopo mkono mmoja na mfuko wa kimea mkono mwingine. Bi Orgill akaniuliza nataka kuifungua lini. Dada, hapa Burton swali hilo ni kama kuulizwa unataka sukari vijiko vingapi, kila mteja anaulizwa. Mimi nikaanza kuhesabu miezi. Nilisimama pale kama zuzu, na watu kwenye foleni nyuma yangu wote wakaanza kusoma maandishi ya kwenye rafu. Bi Orgill hakurudia. Aliuchukua ule mfuko akaurudisha mahali pake, akalifunga kopo kwa gazeti lisionekane, akasema nimpelekee Cyril salamu zake. Nilirudi nyumbani nimelibana kopo lile kwapani kama mwizi.

Nilidhani nitampiga chenga. Nikafunga mlango wa jikoni, nikakoroga shira yangu kwenye ndoo taratibu. Wapi! Pua ya mpika bia haistaafu. Akaniita kutoka sebuleni, akasema, “Reg, hilo ni kopo.” Nikakana. Akasema ameishi katika mji huu kwa heshima zake mpaka amezeeka, leo mdogo wake mwenyewe anataka aage kwa supu ya kopo kama mtu wa London. Akaniamuru nikaimwage ile takataka, nikanunue shayiri. Alikuwa anatania, nadhani, lakini mimi nilikuwa nimechoka, sijalala vizuri kwa siku nyingi, na hasira zikanipanda. Nikamwambia kwa sauti kubwa kwamba shayiri itachelewa.

Nilisikia nilichokisema baada ya kukisema. Cyril akanitazama kidogo, kisha akageukia ukutani. Mimi nikarudi jikoni nikakaa karibu na ile ndoo nikalia, dada, nikalia mpaka kifua kikauma. Unajua sisi nyumbani kwetu tulivyolelewa. Maneno kama yale hatuyasemi. Tunasema chai imepoa.

Asubuhi yake akawa mchangamfu kupita kiasi. Akasema ya kopo niiache iendelee, lakini niende tena dukani nikalete shayiri na hopsi, tupike na ile nyingine.  Nikaona hajanielewa, au ameelewa akakataa, na sasa anajihesabia mpaka Juni. Ningemwambiaje? Nilikwenda, nikanunua. Bi Orgill hakuniuliza chochote.

Siku nzima tulipika, yeye akiamuru kutoka kitandani na mimi nikikimbia na sufuria. Alinitukana kwa raha zake zote: mara moto wangu ni wa kukaangia samaki, mara nakoroga kama ninayetafuta pete iliyozama. Nikampelekea ile shira changa kwenye kijiko, akailamba, akafumba macho, akasema hopsi bado, niongeze konzi moja. Sijamwona na furaha hivyo tangu mwaka juzi. Na mimi kila nikimwona anacheka nilitamani kukimbia nitoke nje, kwa sababu nilijua napika kitu ambacho hatakionja.

Jioni, nilipokuwa namimina hamira, nikashindwa kunyamaza. Nikaanza kubwabwaja kwamba Juni tutaweka viti bustanini, mimi na yeye, tutaifungua pamoja. Akaniambia niache upuuzi. Akasema ile bia si yake. Yake ni ya kopo, na ataivumilia, Mungu amsamehe. Ile ya shayiri ni yangu mimi.

Akanieleza polepole, anapumzika kila baada ya maneno machache. Alipofiwa na mkewe Edith, alisema, wiki za kwanza nyumba ilijaa watu na pai za nguruwe mpaka mbwa wa jirani alinenepa. Kufika kiangazi hakuna aliyebisha hodi. Hao watu hawakuwa wabaya, ila kila mtu alidhani mwingine amepita. Alikaa kwenye kiti kile pale dirishani, jua linawaka nje, akatamani kumfuata. Hakuwahi kumwambia mtu. Mimi nilikuwa naishi mtaa wa pili tu, dada, na sikujua. Akasema Juni itakuwa mbaya kwangu. Ndiyo maana amenipikisha nyingi, mtu mmoja hawezi kuimaliza, itanibidi nikabishe milango ya watu niwaite. Na lazima iwe nzuri, akasema, kwa sababu kwa bia ya kopo watu wa Burton watakuja mara moja tu.

Hayo ndiyo yaliyopo, Nora. Sijui nitaishije, nakuambia kweli. Yeye amenikataza nisikuandikie. Anasema una goti, na kwamba utakuja kulia juu ya shuka zake safi. Mimi namkaidi kwa mara ya kwanza katika umri wangu. Jana nilifungua chupa moja ya ile bia ya kopo nikaionja. Ni mbaya, lakini imeiva.

Wasalimie watoto na wajukuu. Mwambie shemeji Ivor aniazime wewe kwa muda, nami nitakuwa stesheni nakusubiri treni yoyote utakayopanda. Hiyo ya shayiri tutainywa mimi na wewe wakati wake ukifika. Njoo unywe hii ya kopo, dada, Cyril bado anayo nguvu ya kushika glasi.

Mdogo wako akupendaye,
Reg