Paka Kamsahau Mke Wangu, Kaning'ang'ania Mimi

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie maana hapa nilipofika naona aibu hata kuwaeleza wenzangu, mwanamume mzima nanuniwa na mke wangu kwa sababu ya paka.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, chumba cha mbele. Paka huyu mke wangu alikuja naye tulipooana, anaitwa Bwana Mkubwa, na tangu siku ya kwanza hatupatani, nikikaa kwenye kochi ananikwaruza, nikimsogelea mke wangu anakuja kujilaza katikati yetu, nikavumilia nikijua anazeeka, basi kazeeka mpaka akili, anakula halafu hapo hapo anadai chakula, anasimama upande wa bawaba akingoja mlango ufunguke, anaingia nyuma ya kabati na kusahau njia ya kutoka, analia mpaka nikamchomoe, juzi kakojolea suti ya bwana harusi, nikaifua, nilipoipiga pasi harufu ikaamka upya!

Hayo yote ningeyameza, lakini kubwa ni kwamba amesahau kuwa ananichukia. Ndiyo, mshauri. Sasa ananifuata kila ninapokwenda, analalia miguu yangu nikikanyaga cherehani, na mke wangu, ambaye ni muuguzi, akirudi kazini akamwita, anamtolea meno kama kaona mwizi. Mke wangu akaniuliza, "Umemlisha nini?" Nikacheka, na hicho kicheko ndicho kilichoniponza. Sasa ananiwekea chakula mezani anaondoka, eti nimemharibia paka wake makusudi. Mimi! Nimechoka. Nimepanga siku akiwa zamu nimpeleke paka kwa daktari wa mifugo achomwe sindano ya kumaliza kazi, kisha niseme alitoka hakurudi. Je, nitakuwa nimekosea?

Fundi, kochi si langu wala paka si wangu

JIBU

Utakuwa umekosea sana, fundi. Pole kwa suti ya watu, hilo nakuonea huruma kweli. Lakini huo mpango wako umeuwaza vizuri? Mkeo atazunguka mtaa mzima akimwita, akichungulia chini ya magari, na wewe utatembea nyuma yake ukijifanya unatafuta. Utaweza? Na siku akijua, usiniandikie tena, maana sitakuwa na la kukusaidia.

Unadhani mkeo kanuna tu. Ana msiba, baba! Kamlea huyo paka tangu kabla hajakujua wewe, leo anatolewa meno ndani ya nyumba yake, halafu mumewe anacheka. Yeye ni muuguzi, anajua fika hukumlisha kitu. Ila kukulaumu wewe ni rahisi kuliko kukubali kwamba Bwana Mkubwa hatapona.

Sasa sikiliza. Kwa daktari mwende wote wawili, mkaulize kama ana maumivu, au macho na masikio yamechoka pia. Ikifika siku ya sindano, neno la mwisho ni la mkeo. Nyuma ya kabati pazibe leo. Sanduku la mchanga la haja zake liweke karibu na cherehani, na ole wako ukilihamisha, maana atapotea zaidi. Nguo za wateja zitundike juu, fundi gani anaacha suti ya harusi mahali paka anapofika? Na shati lako la kushonea, lenye jasho lako, mpe mkeo alivae anapomlisha, maana harufu yako ndiyo paka anayoifuata. Akae chini, asimwite, angoje tu. Huenda paka atamsogelea, huenda asimsogelee.

Asipomsogelea, mkeo atalia. Hapo usimwambie ni paka tu. Barua nzima umenieleza paka analia vipi, lakini mkeo analia vipi hujui, kwa sababu hujamtazama. Leo akirudi kazini, iache cherehani. Mwombe radhi kwa kile kicheko, umwambie unaona kwamba anampoteza paka wake ilhali bado yupo hai. Kisha ukae naye mezani, mle pamoja.