Galgalo, Mashine Yetu Inakimbia Bila Wewe

Galgalo,

Nimefufua maiti. Garsen yote, kuanzia darajani mpaka stendi, hakuna mwingine aliyewahi kufanya hivyo, na wale wahubiri wa spika pale sokoni waje wapange foleni niwafundishe kazi. Usijipendekeze, si wewe. Wewe lala huko huko. Nimefufua kompyuta.

Ile ile kuukuu uliyopewa na ofisi iliyokuwa inaitupa, ukaja nayo juu ya pikipiki umeikumbatia kama bibi harusi. Ile iliyokuwa ikifungua gemu ya mpira polepole mpaka tunaenda kwenu, tunakunywa chai ya maziwa, tunarudi, refa bado hajapuliza filimbi. Siku hizi ukibonyeza tu, wachezaji wako uwanjani wanatoka jasho. Jasho linaonekana, msee. Nyasi zinaonekana jani kwa jani. Ng'ombe zenu wangelamba skrini.

Inauma, eh? Vizuri. Iume.

Maana ulikufa kijinga na sitaacha kukwambia. Mtu amemaliza gemu nzima ya vita bila kuguswa na risasi, halafu anaenda kukanyaga bafe, nyoka mnene, mvivu, asiyejua hata kukimbia. Eti unatafuta ndama kichakani. Ndama mwenyewe alikuwa ameshajirudisha zizini kitambo. Na tulipokuwa tunakukimbiza hospitali ya Ngao, mguu umevimba kama gogo, wewe unaniuliza kama ile kadi ya grafiki, ya kung'arisha picha, imefika na basi la Mombasa. Ilifika, bwana. Ilifika wiki ile ile tuliyokuzika. Nikaenda kuichukua kwa jina lako, kwa vile wewe hukuwa na nafasi.

Siku za matanga umeme ulikatika, uliporudi ukarudi na hasira, ukaunguza kisanduku cha pawa. Mashine ikawa haiwaki kabisa. Nikasema basi, mwenyewe kaenda, nayo ikae kimya. Lakini mama yako akaja.

Mama Galgalo ndani ya kile chumba chetu nyuma ya duka! Yeye aliyekuwa anakiita pango la wavivu. Akakalia kiti chako, akatandaza leso magotini, akaniambia amesikia kwa watoto kwamba sauti yako imo mle ndani. Ni kweli, ilikuwemo. Ulikuwa huwezi kucheza mechi bila kuvaa maikrofoni, unatangaza mwenyewe, unajirekodi mwenyewe, kama redio ya mtu mmoja. Na wachezaji wote umewapa majina ya ng'ombe zenu. Guracha, lile dume jeusi, ndiye beki. Dima, yule mwekundu, ndiye mshambuliaji. "Dima ana mpira. Dima hana haraka. Dima ameona shamba la Komora, Dima anaingia!" Na mimi Komora, mtoto wa wakulima, nakurushia kandambili.

Mama akasema, "Ukiitengeneza, nitakuja nimsikie." Nikamwambia, Mama, kwa fundi kama mimi hiyo ni kazi ya kabla ya chai.

Nikaifungua. Nyigu walikuwa wamejenga nyumba ya udongo ndani ya feni, wamezaa, wana wajukuu. Nikawafukuza. RAM, zile kadi ndogo za kumbukumbu, nikazisugua meno kwa kifutio cha shule, zikang'aa, nikaongeza na nyingine mbili. Ile dawa ya kupaka juu ya prosesa isichemke sikuwa nayo, nikapaka dawa ya meno, ile uliyonikataza. Imekubali. Inanukia mnanaa ikipata joto.

Halafu kadi yako. Galgalo, wewe na cheti chako cha fomu foo, ulinunua kadi ya grafiki bila kupima kasha? Kasha letu ni jembamba kama kitabu, kadi ni ndefu kama mkono wa mtu. Mimi niliyeachia darasa la saba ndiye niliyeibeba mpaka kwa fundi wa kuchomelea mageti, tukalipasua kasha kwa grenda, cheche zinaruka, watoto wanashangilia. Sasa kadi imechomoza nje kama ng'ombe aliyetoa kichwa kwenye lori la mnada. Kisanduku kipya cha pawa nacho hakikuingia, kimekaa juu ya tofali. Sura mbaya, lakini mbio! Nikaweka na diski mpya, ya zile zisizozunguka, nikapiga windo upya, ile programu ya kuendesha mashine. Vijana wanatoka mpaka kijiji cha Wema kuja kuiona. Wote nawafunga. Nakalia kiti chako, nimekishusha kidogo, ulikuwa na miguu ya korongo.

Mama akaja siku ya mnada, akiwa ameshauza maziwa. Sauti haikuwemo. Kwa nini haikuwemo, nitakwambia nikipata moyo. Kwanza nikwambie nilichofanya, maana nilijua mapema kwamba haimo.

Nilikuigiza. Nilivaa maikrofoni yako, bado ina harufu ya mafuta ya nywele zako, nikatangaza mechi nzima. Ile pua yako iliyoziba kama una mafua mwaka mzima. Ule mluzi wa kuwaita ng'ombe mtoni. Nakuwezea kuliko ulivyojiweza mwenyewe. Nikamvalisha mama vile vya masikioni juu ya shungi lake, nikabonyeza. Akafumba macho. Guracha akaokoa, Dima akapita kushoto, akampa Dalacha, Dalacha akafunga bao. Dalacha ni yule ndama wa rangi ya majivu, ananinyonya vidole kila nikienda kwenu. Nikawa nasubiri kusifiwa, manze.

Mama akavuta pembeni upande mmoja wa vile vya masikioni. Hakupandisha sauti.

"Dalacha alizaliwa mwanangu ameshazikwa."

Nikainama, nikajifanya nakaza waya usiolegea. Ungekuwepo ungenicheka.

Akaurudisha sikioni. "Icheze tena."

Ikachezwa tena, na tena, mpaka adhana ya alasiri. Na tangu hapo kila mnada anakuja, na anataka mechi mpya. Ananisahihisha, eti Guracha hakimbii hivyo, ana mguu mbovu, na wewe hukuwahi kumpa Dima pasi ndefu. Nakwambia nimekuwa mtangazaji wa ng'ombe kwa ajili yako, na mshahara wangu ni maziwa. Mama hajawahi kuniuliza sauti yako ilienda wapi. Ndicho kinachonimaliza.

Basi nakuahidi: mechi hazitakosekana, na majina ya ng'ombe nitayajua yote, walio hai na waliokufa. Diski ya zamani nimeifunga ndani ya soksi. Siku nikimpata mtu Mombasa anayejua kuchimbua vilivyofutwa, nitampelekea kwa mikono yangu. Lala salama, mchungaji. Angalia unapokanyaga.

Na sasa lile jambo, nisizunguke zaidi. Siku ya kupiga windo diski zote mbili zilikuwa zimechomekwa, mpya na ile ya zamani yenye sauti yako. Skrini ikaniuliza kitu, Kiingereza kirefu. Kusoma ilikuwa kazi yako. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa juu ya jerikeni na kusema, "Inasema nini?" Nikageuka nikuulize. Niligeuka kweli, Galgalo, mdomo umeshafunguka, na kiti hakina mtu. Nikaona aibu. Nikabonyeza ndiyo.